Jumanne: Jua Nyuma ya Wingu

Soma Mwanzo 8:20–22 na Yeremia 33:20, 21. Mungu aliahidi nini baada ya gharika? Kwa nini baadaye aliutumia mchana na usiku kuonyesha uaminifu wake?

Nuhu alitoka safinani akaikuta nchi haina nyumba, shamba wala jirani. Mungu alimwahidi kwamba kupanda na kuvuna, baridi na joto, mchana na usiku havitakoma. Kwa mtu aliyetoka katika dhoruba, maana yake ilikuwa wazi: angeweza kupanda tena.

Utaratibu huo huonekana pia jua linapopatwa. Kipenyo cha jua ni karibu mara 400 ya kipenyo cha mwezi. Tena jua liko mbali nasi karibu mara 400 kuliko mwezi. Ndiyo maana machoni petu vinakaribia kulingana, na mwezi upitapo katikati waweza kulifunika jua lote. Wataalamu wa anga hukokotoa siku na dakika ya tukio hilo miaka mingi kabla. Dhoruba haitabiriki hivyo.

Tarehe 3 Novemba 2013 mambo haya mawili yalikutana kaskazini mwa Kenya. Watu walisafiri hadi Ziwa Turkana kuona jua likipatwa kabisa kwa sekunde chache. Muda mfupi kabla, upepo mkali ulileta vumbi na mawingu, na wengi hawakuona walichokifuata. Je, jua halikupatwa? Lilipatwa, kwa wakati uleule uliokokotolewa. Wingu liliyazuia macho ya watu. Halikuugeuza mwendo wa mwezi.

Mafuriko ya mwaka 2024 yaliharibu nyumba na mashamba Kenya na Tanzania, na mwezi Mei Kimbunga Hidaya kikafika pwani ya Tanzania. Baada ya misiba kama hiyo wako waulizao: “Tumemkosea Mungu nini?” Yesu alisema kwamba walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:4, 5). Naye Yeremia aliwaonya watu wa Mungu wasiziogope ishara za mbinguni kama mataifa (Yer. 10:2).

Soma Mathayo 27:45, 46. Giza lile halikuwa kupatwa kwa jua. Pasaka huwa wakati wa mwezi mpevu, bali jua hupatwa wakati wa mwezi mwandamo. Tena jua halifunikwi lote mahali pamoja hata dakika nane, wakati giza la Kalvari lilidumu saa tatu. Ndani yake Mwokozi aliuliza kwa nini ameachwa. Basi anayeuliza hivyo leo, ameketi juu ya matofali ya nyumba yake iliyoanguka, hatumkemei. Yesu mwenyewe aliuliza. Na siku ya tatu ilionekana wazi kwamba ahadi ya Baba haikuvunjika gizani.

Kwa hiyo tusimpelekee jirani maelezo matupu. Tumpelekee mbegu, blanketi na mikono ya kujenga, ili ahadi aliyopewa Nuhu imfikie naye.

Tafakari: Ni wingu gani linalokuzuia leo kuuona uaminifu wa Mungu? Darasa lako laweza kumfanyia nini wiki hii mtu aliyepatwa na dhoruba?