Tolstoy na Wachukuzi wa Neno Lake

Walimu wengi wa falsafa humtaka mwanafunzi awafuate. Leo Tolstoy, katika miaka thelathini ya mwisho ya umri wake, alimtaka kila mtu aisikilize dhamiri yake na asimfanye mwanadamu mwingine yeyote, awe mfalme, kasisi au mwandishi mashuhuri, kuwa hakimu wa roho yake. Hapo ndipo lilipo fundo. Anayeyakubali mafunzo hayo kwa sababu tu yametamkwa na Tolstoy huwa ameyavunja kabla hajaanza kuyatenda. Na anayeyaacha kwa kuitii dhamiri yake, yamkini ndiye aliyeyashika. Wapo waliojaribu kulifungua fundo hili kwa kalamu, wapo waliojaribu kwa jembe, na wapo waliolilipia gerezani. Mwenyewe Tolstoy lilimwandama mpaka kitanda cha mauti.

Alizaliwa mwaka 1828 katika shamba la ukoo wake, Yasnaya Polyana, kiasi cha kilomita 200 kusini ya Moscow, katika nchi ambayo hadi mwaka 1861 kabaila alimiliki ardhi pamoja na watwana walioilima. Riwaya zake mbili kubwa, Vita na Amani na Anna Karenina, zilikwisha kukamilika kufikia mwaka 1878, na sifa yake ilikuwa imeshatapakaa. Ndipo alipofikwa na swali ambalo utajiri na sifa havikuweza kulijibu: maisha haya ya nini, ilhali mauti hayaepukiki? Aliyaeleza mashaka yake katika kitabu kilichopigwa marufuku Urusi na kuchapishwa Geneva mwaka 1884. Kutoka hapo alishika neno moja katika Injili, la kutoshindana na uovu kwa nguvu, akalifuatilia hadi mwisho wake wa kimantiki bila ya kujali litampeleka wapi.

Neno hilo aghalabu hufahamika vibaya. Tolstoy hakusema uovu uachwe uendelee. Alisema usijibiwe kwa mabavu, kwa kuwa mabavu ni uovu uleule uliobadili mkono. Maadamu mabavu ni haramu, basi jeshi ni haramu, na mahakama, na kiapo, na kodi inayolisha magereza. Ardhi haina mwenyewe. Mtu ale kwa jasho lake, asile nyama, aache ulevi na tumbaku. Kanisa la Urusi lilimtenga mwaka 1901. Miaka mitatu baadaye Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, alimwandikia barua ya heshima, na Tolstoy akamjibu. Jambo ambalo wasomaji wa mwambao, ambako fikra za Abduh zilifika mapema kwa jarida la Al-Manar, wana haki ya kulijua.

Wafuasi walianza kujitokeza katika miaka ya 1880. Walivaa kama wakulima, wakanunua ardhi na kuanzisha jumuiya ambazo nyingi zilivunjika baada ya miaka michache. Mara kadhaa Tolstoy aliwaandikia watu kwamba hakuna kitu kiitwacho Utolstoy, na kwamba kumwendea yeye kutaka ufumbuzi ni kosa kubwa, kwani analolisema ni la kale na la wote. Maxim Gorky, aliyekuwa akimzuru huko Crimea mwanzoni mwa karne ya 20, hakuficha katika kumbukumbu zake kwamba wafuasi wale walimchosha, na kwamba mwalimu wao naye hakuonekana kustarehe mbele yao.

Huko Uingereza, katika wilaya ya Gloucestershire, kundi moja lilinunua ardhi mwaka 1898 mahali paitwapo Whiteway. Sheria iliwalazimisha kuwa na hati, na hati lazima iwe na jina. Walipokwisha kuipata waliitia moto, ili ardhi isiwe ya mtu. Wapo waliowacheka. Na kweli, moto ulipozimika yalibaki maswali yaleyale: nani alime wapi, na avunaye bila ya kupanda afanywe nini? Aylmer Maude, mfasiri wa Tolstoy kwa Kiingereza, aliyeziona jumuiya hizi kwa karibu, alifikia kusema kwamba pasipo na kanuni iliyokubaliwa hapana ugomvi unaomalizika. Hoja ya Maude ni nzito. Hata hivyo Whiteway ipo hadi leo, ingawa wakaazi wake wameacha zamani kujiita wafuasi wa Tolstoy. Na huenda kuliacha jina hilo ndiko kulikowasaidia kudumu.

Lakini aliyekitawala kisa hiki ni mtu mwingine kabisa. Vladimir Chertkov alizaliwa mwaka 1854 katika familia iliyokuwa karibu na kasri ya Tsar, akawa afisa wa kikosi cha walinzi, kisha akaacha upanga na anasa. Alikutana na Tolstoy mwaka 1883, na tangu siku hiyo hakuwa na kazi nyingine duniani. Yeye na wenzake, akiwemo Pavel Biryukov, walianzisha Posrednik, shirika lililochapa hadithi na mawaidha katika vijitabu vya bei ya sarafu ndogo kabisa, vikachukuliwa na wachuuzi hadi vijijini kwa mamilioni. Mwaka 1897 alifukuzwa nchini kwa kuwatetea Waduhobori, madhehebu ya wakulima waliochoma silaha zao mwaka 1895 na kukataa jeshi. Tolstoy alitoa mapato ya riwaya yake Ufufuo, iliyotoka 1899, ili kuwasaidia maelfu kati yao kuhamia Kanada. Chertkov alipokuwa uhamishoni Uingereza alichapa yale yaliyokatazwa Urusi na kuzihifadhi hati za mwalimu mahali ambapo polisi wa Tsar hawakufika.

Msomaji wa mashairi anaijua thamani ya mchukuzi wa namna hii. Mengi ya Muyaka bin Haji yangalipotea lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa asingeyakusanya na kuyafafanua. Lakini Sikujua alikusanya maneno ya mtu aliyekwisha kufariki miaka mingi. Hakupata fursa ya kumwambia mshairi aseme nini. Chertkov alikuwa na mwalimu aliye hai. Alimpendekezea masahihisho, akamkumbusha misimamo yake, akanakili shajara zake karibu wino haujakauka. Mfuasi akawa mlinzi wa mafunzo, na mlinzi mara huanza kumtilia shaka hata mwenye nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa na mtu wake. Sofia, mke wa Tolstoy tangu 1862, alimzalia watoto 13 na kuzinakili kwa mkono riwaya zile ambazo dunia ilizisifu. Mwaka 1891 mumewe alitangaza kwamba yote aliyoyaandika baada ya 1881 hayana hakimiliki, yeyote na ayachape. Mali nyingine aliigawa kwa mke na watoto mwaka uliofuata. Kwa Tolstoy huko kulikuwa kujivua dhambi. Kwa Sofia kulikuwa kuvuliwa riziki ya wanawe, na mtu ambaye aliendelea kula mezani pake. Wanaomwandika kuwa mwanamke wa tamaa tu hawajajiuliza ni nani aliyebeba gharama ya usafi wa mumewe.

Kufikia mwaka 1910 kila neno la mzee yule wa miaka 81 lilikuwa na wawili wanaoligombania. Mke alizitaka shajara, na mfuasi alizitaka shajara. Mzee akaanzisha kijidaftari cha tatu, cha nafsi yake tu, akakificha ndani ya kiatu chake cha buti, na Sofia akakigundua. Mtu aliyefundisha kwamba hapana chochote cha mtu peke yake hakuwa amebakiwa na karatasi moja ambayo ni yake.

Kisha ukaja wasia. Tolstoy alitaka maandishi yake yote, riwaya za zamani zikiwemo, yawe ya watu wote. Wanasheria wakaeleza kwamba sheria ya Urusi haijui kurithisha wote: hapana budi atajwe mrithi. Basi akatajwa binti yake Alexandra, huku usimamizi wa kweli ukiwekwa mikononi mwa Chertkov. Tarehe 22 Julai 1910, kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule, Tolstoy alitia saini msituni, amekaa juu ya kisiki, mbele ya mashahidi, mkewe asijue. Mkanushaji wa mahakama alihitaji hati ya mahakama ili maneno yake yasimilikiwe. Biryukov, mfuasi mkongwe, alipopata habari alimwambia waziwazi kwamba siri ile haikuwa sawa na kwamba familia ilistahili kuambiwa. Tolstoy alikiri kuwa amekosea. Chertkov akamwandikia barua ndefu ya hoja, na mzee akarudi alikokuwa. Katika kile kijidaftari alilalamika kwamba Chertkov amemtia katika ugomvi ulio mzito na unaomchukiza.

Hapa ndipo penye swali la maadili ambalo si rahisi kulikwepa. Biryukov na Chertkov wote wawili walikuwa waaminifu. Chertkov alikuwa mwaminifu kwa lengo: maandishi yasiwe bidhaa ya mtu. Biryukov alikuwa mwaminifu kwa njia: mtu wa kweli hamfichi mkewe jambo linalomhusu. Kwa mwanasiasa, Chertkov ndiye mwenye haki, na matokeo yanamtetea, kwani baada ya kifo cha baba yake Alexandra aliuza haki ya kuchapa maandishi yaliyobaki na kwa fedha hizo akainunua ardhi ya Yasnaya Polyana na kuwagaia wakulima. Lakini Tolstoy alikuwa ametumia miaka thelathini kufundisha kwamba lengo jema halitakasi njia mbaya, na kwamba ndilo kosa la dola zote na wanamapinduzi wote. Kwa mizani ya mafunzo yenyewe, basi, aliyekuwa karibu zaidi na Tolstoy siku ile ni yule aliyethubutu kumwambia Tolstoy kuwa amekosea.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Oktoba mzee aliondoka nyumbani kwa siri. Akaugua njiani, akalazwa katika nyumba ya msimamizi wa stesheni ya reli ya Astapovo. Chertkov aliitwa akaingia. Sofia alifika kwa treni, akazuiwa, akawa anachungulia dirishani. Waliokuwa ndani walimruhusu kuingia pale mumewe alipokuwa amepoteza fahamu. Alifariki tarehe 7 Novemba. Walinda mafunzo ya upendo walilinda mlango, na hakuna ufafanuzi wa kidaktari unaoweza kulilainisha jambo hilo.

Wakati huohuo, mbali na mlango ule, mafunzo yalikuwa yamepata mtu ambaye Tolstoy hakupata kumwona. Mohandas Gandhi, aliyepita Lamu, Mombasa na Unguja mwaka 1893 akiwa wakili kijana anayeelekea Afrika Kusini, alikisoma kitabu cha Tolstoy kuhusu ufalme wa Mungu ulio ndani ya mtu mwaka uliofuata. Waliandikiana barua tangu 1909. Mwaka 1910, kwa ardhi ya ekari 1,100 iliyotolewa na rafiki yake Hermann Kallenbach karibu na Johannesburg, Gandhi alifungua makazi kwa ajili ya familia za Wahindi waliokuwa wakipinga sheria za ubaguzi, akayaita Shamba la Tolstoy. Kulikuwa na Waislamu, Wahindu, Wakristo na Wazoroasta, wakishona viatu na kupika pamoja. Lakini Gandhi hakunakili. Alikichukua kile ambacho kwa Tolstoy kilikuwa kukataa kwa mtu mmoja mmoja, akakifanya harakati ya umma yenye mpango na viongozi. Mwaka 1918 alifika hata kuwahimiza wanakijiji wa Gujarat wajiunge na jeshi la Uingereza, jambo ambalo Tolstoy angelilia. Chertkov hangeweza kufanya lolote kati ya hayo, la fahari wala la aibu.

Nchini Urusi kwenyewe mapinduzi yalikuja, na kwa muda mfupi yakawa na subira. Amri ya Januari 1919 iliruhusu mahakama kumsamehe jeshi mtu mwenye kipingamizi cha imani, na Chertkov aliongoza baraza lililowatolea ushahidi watu hao. Mwaka 1921 baadhi ya wafuasi walianzisha karibu na Moscow jumuiya iliyoitwa Maisha na Kazi. Walifuga, walilima, waliuza maziwa na mboga, hawakupiga kura ya kumlazimisha mtu. Walipobanwa walihamia Siberia mwaka 1931, karibu na Kuznetsk, wakafungua skuli yao na kukataa watoto wao kufundishwa mambo ya vita.

Serikali iliyokuwa ikiwabana ndiyo hiyo iliyoanza, mwaka 1928, miaka mia tangu kuzaliwa kwa Tolstoy, kuchapa maandishi yake yote kwa uhariri wa Chertkov. Barua, shajara, rasimu zilizofutwa, kila kitu kiliingia. Chertkov alifariki Moscow mwaka 1936, kazi ikiwa bado katikati. Mwaka huohuo wanajumuiya kadhaa wa Siberia, Boris Mazurin miongoni mwao, walikamatwa, na kufikia 1939 ardhi yao ilikuwa imegeuzwa shamba la ushirika la serikali. Uchapaji uliendelea hadi juzuu ya 90, mwaka 1958. Kumbukumbu za Mazurin kuhusu jumuiya ile zilichapishwa katika jarida la Novy Mir mwaka 1988.