Namba za watu si zako kugawa



Juzi nikiwa kwenye daladala ya Mbagala nilifungua tovuti moja kutafuta kazi. Kabla sijasoma chochote, likatokea swali: tunatumia vidakuzi, unakubali? Nikabonyeza "Nakubali" fasta, konda anadai nauli. Najua na wewe unafanya hivyohivyo.

Kidakuzi ni faili dogo ambalo tovuti inaliacha kwenye simu yako ili ikutambue ukirudi. Kuna vinavyokumbuka lugha uliyochagua tu, na kuna vinavyokufuata tovuti hadi tovuti kwa ajili ya matangazo. Haya, hapo umejitoa mwenyewe.

Kinachoninyima usingizi ni programu za mikopo. Zinaomba kuona namba zako zote, unabonyeza. Ukichelewa kulipa, meseji zinaenda kwa bosi, kwa mama mdogo, kwa katibu wa jumuiya. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na Kanoni ya 220 ya Kanisa inalinda faragha ya kila mtu. Lakini ruhusa umetoa wewe! Mama mdogo alikupa namba kwa kukuamini. Mkopo hakuchukua, wala hakuulizwa.

Jana usiku nimekagua simu yangu. Programu saba zina ruhusa ya kuona namba, na mojawapo ni ya tochi. Tochi, jamani! Nimezifuta nne, na mama mdogo bado sijamwambia.