Chini ya Sitaha

Katika modeli ya meli ya matanga kazi kubwa iko juu: milingoti, foromali, kamba nyembamba kama uzi wa buibui, vifundo unavyovifunga kwa kibano huku umezuia pumzi. Ndani hamna kitu. Ukinunua boksi la plastiki unaunganisha nusu mbili za ubavu, unapaka gundi ukingoni, unafunika sitaha kama mfuniko wa sufuria, basi. Ngama inabaki hewa tupu na hakuna atakayeiona tena.

Swali langu ni kama utupu ule una neno lolote la kujibu.

Mwaka 1952 kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa modeli ya Golden Hind, ikauzwa kwa shilingi mbili katika maduka ya Woolworths. Ni meli ambayo Francis Drake alizunguka nayo dunia kati ya 1577 na 1580. Kabla ya safari hiyo, Drake huyohuyo alikuwa amesafiri na jamaa yake John Hawkins kuchukua watu Afrika Magharibi na kwenda kuwauza Karibiani. Mtu atasema: meli ile si hii, na plastiki haina dhambi. Nakubali. Lakini modeli si plastiki tu, ni uteuzi. Mjenzi huamua kipi kionekane na kipi kifunikwe, na mwenye kuamua hulizwa, hata kama meli yenyewe inaenea kiganjani.

Wapo waliotumia ufundi huuhuu kwa kufunua. Brookes ilikuwa meli ya Liverpool iliyobeba watumwa. Mwishoni mwa 1788 wapinzani wa biashara hiyo mjini Plymouth walichapisha mchoro wa ngama yake, watu wamelazwa ubavu kwa ubavu. Sheria mpya ya mwaka huo iliiruhusu kubeba watu 454. Kabla yake iliwahi kubeba zaidi ya 600. William Wilberforce alitengenezewa modeli ya mbao ya meli hiyo ili wabunge waione kwa macho yao, na leo iko Hull, katika makumbusho ya nyumba aliyozaliwa. Mirabeau naye alijitengenezea yake huko Paris. Katika modeli hizo sehemu yenye maana ni ileile ambayo sisi wa mezani tunaifunika kwa gundi.

Niliamua kupima. Mwanamume mzima alitengewa nafasi ya futi sita kwa inchi kumi na sita. Kwa skeli ya 1:96, ambayo wajenzi wengi wa Cutty Sark wanaijua, hiyo ni milimita 19 kwa milimita 4 hivi. Njiti ya kiberiti ukiikata katikati inakaribia urefu huo, na upana unatosha njiti mbili. Njiti 227 zikikatwa zinatoa vipande 454. Nilivikata jioni mbili nikavipanga juu ya ubao wenye umbo la ngama. Hesabu nilikuwa nayo tangu mwanzo, lakini vidole ndivyo vilivyonieleza maana yake: kipande cha mia tatu hakina pa kwenda ila kumsukuma wa mia mbili tisini na tisa.

Rafiki yangu, mwalimu wa historia, aliutazama ubao kwa muda kisha akasema, "Ndugu yangu, sasa umewapakia tena."

Hoja yake ni nzito kuliko ile ya plastiki isiyo na dhambi. Njiti zote zinafanana, kama watu wa mchoro wa Plymouth wanavyokaribia kufanana. Mchoro ule uliwaamsha Waingereza, ila uliwaonyesha watu kwa jicho la mpakiaji, kutoka juu, bila jina. Mwaka 1789, mchoro ukiwa unazagaa London, Olaudah Equiano alichapisha hapohapo kitabu cha maisha yake, akaieleza ngama kama mtu aliyekuwa ndani yake: harufu, joto, vilio. Hakuna modeli inayoweza kufanya hivyo. Modeli inaweza kushuhudia nafasi, haiwezi kumshuhudia mtu. Kwa hiyo njiti nimeziondoa. Mistari ya vipimo nimeiacha.

Wala tusiishie Liverpool, kwa sababu hapo ni rahisi mno kwetu. Majahazi madogo ya mbao yanayouzwa Lamu na Unguja ni mazuri kweli, omo limenyanyuka, tanga limejaa upepo usiokuwapo. Ukimuuliza muuzaji jahazi lilibeba nini atakwambia karafuu, boriti, tende, na hasemi uongo. Lakini soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na waliouzwa pale wengi waliletwa kwa vyombo vya aina hii, kisha wengine wakapakiwa tena kwenda Uarabuni. Sijaona jahazi la dukani linalogusia hilo, na sidhani mgeni angelinunua.

Ninalojenga sasa ni jahazi. Mkuku na mataruma tayari. Mbao za ubavu wa kulia nitazipigilia zote. Za kushoto nitaziacha tatu wazi, usawa wa ngama, ili anayelisogelea kwa ajili ya tanga aone ndani. Hakutakuwa na kitu humo. Binti yangu ameshaniuliza kama mbao zimeniishia.