Toba na Njia ya Kurudi

Ziko methali mbili ambazo kila mwanafunzi wa Kiswahili huzijua, nazo kwa sura ya nje hazipatani. Ya kwanza husema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ya pili husema kwamba mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Wazee wetu walizitumia zote mbili, kila moja kwa wakati wake. Lakini anapokosa binti wa nyumbani, akavunja yale aliyofundishwa, akarudi akiwa na majuto, tutumie ipi? Katika makala haya tunakusudia kulijadili swali hilo kwa njia mbili. Kwanza tutachunguza jinsi baadhi ya waandishi wa riwaya waliolelewa katika imani ya Kikristo walivyomchora mwanamke aliyeanguka akatafuta kuinuka. Pili tutaitazama nchi ya Masasi na Newala, ambako neno ukombozi lina historia ya namna yake.

Hatuna budi kuanza na maneno yenyewe, kwani aghalabu tunayatamka bila kuyapima. Toba ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kurejea. Mwenye kutubu ni mtu aliyegeuka njiani akashika tena njia ya nyumbani. Kukomboa nako ni neno la mambo ya rehani. Mtu aliyeweka jembe lake au shamba lake rehani hulipata tena baada ya deni kulipwa, na siku hiyo husema amelikomboa. Tukiyaweka maneno haya mawili pamoja tunaona kwamba lugha yetu inataja zaidi ya mtu mmoja katika jambo hili. Yuko anayerejea, yuko anayelipa gharama, na iko nyumba inayorejewa. Anayerejea akikuta mlango umefungwa, toba yake ni ya kweli mbele ya Mungu, lakini yeye mwenyewe bado yuko nje usiku.

Jambo hili la mlango husahauliwa katika hadithi nyingi za kidini. Msomaji anaujua mpango wake: binti anatoka kijijini, anakwenda mjini, anadanganyika kwa fedha na anasa, anapatwa na ugonjwa au aibu, kisha siku moja anasikia kwaya ikiimba, anaingia kanisani na kupiga magoti. Hapo hadithi huisha. Hatusemi kwamba hadithi za namna hii ni mbaya. Zimewaonya wengi na kuwafariji wengi. Tunasema tu kwamba zinakoma mahali ambapo kazi ngumu ingeanza. Njia ndefu kwa binti huyo si ile ya kutoka baa hadi kanisani. Ni ile ya kutoka mlangoni pa kanisa hadi jikoni kwa mama yake, na kutoka jikoni kwa mama yake hadi kisimani, waliko wanawake wenzake.

Waandishi wakubwa waliliona jambo hili. John Bunyan, Mwingereza, alitoa mwaka 1678 kitabu chake cha safari ya msafiri, ambacho wamisionari walikifasiri katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Wengi wanaikumbuka sehemu ya kwanza, ambamo mwanamume anaukimbia mji wa uharibifu, akiwaacha mke na watoto waliokataa kufuatana naye. Ni wachache wanaoikumbuka sehemu ya pili, iliyotoka mwaka 1684. Humo mke yule, Christiana, baada ya kifo cha mumewe anajutia ugumu wa moyo wake, na yeye naye anashika njia. Tofauti ya safari hizi mbili ni ya kuzingatiwa. Mume alianza safari peke yake na mara nyingi alikuwa katika hatari ya kuangamia. Mke anasafiri na wanawe wanne, na jirani yake aitwaye Mercy, kisha wanapewa kiongozi wa kuwalinda hadi mwisho. Wanapita pale pale alipopita mume, lakini wanapita kwa kundi, na walio dhaifu hungojwa. Mkosaji huyu anafika kwa sababu wako wanaotembea naye.

Leo Tolstoy, Mrusi, aliligeuza swali kwa upande mwingine katika riwaya yake ya Ufufuo, iliyotoka mwaka 1899. Katyusha Maslova ni mtumishi wa nyumbani anayepotoshwa na kijana wa ukoo mkubwa, Nekhlyudov. Anapata mimba, anafukuzwa, na hatimaye anaishia kuuza mwili wake. Miaka kadhaa baadaye anashtakiwa mahakamani kwa kosa la kuua, na miongoni mwa wazee wa baraza wanaomhukumu ameketi Nekhlyudov yule yule. Mwandishi anatulazimisha kuuliza ni nani hasa anayehitaji toba: aliyesimama kizimbani, au aliyekaa kitini? Mwanamume anajuta, anamfuata mpaka Siberia, anataka kumwoa ili kufuta kosa. Katyusha anakataa. Anaanza maisha mapya kwa uchaguzi wake mwenyewe, si kama dawa ya dhamiri ya mtu mwingine. Tunajifunza hapa kwamba kumpokea mkosaji si kumfanya chombo cha kuonyeshea wema wetu.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Kwa muda kitabu hicho kilizuiwa kutumika shuleni, kwa kuwa kilitaja mambo ambayo wengi waliyaona hayafai kusomwa na vijana. Baadaye kikaja kuwa miongoni mwa vitabu vinavyojadiliwa sana katika fasihi yetu. Jina lenyewe lina uzito. Rosa Mistika, yaani waridi lenye fumbo, ni mojawapo ya majina anayoitwa Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki. Mwandishi amelichukua jina la aliye safi kuliko wanawake wote akampa binti ambaye mwenendo wake utakuwa mazungumzo ya watu. Hatuamini kwamba alifanya hivyo kwa dhihaka. Tunaona alitaka tuulize kama jina hilo lingeweza tena kuwa lake.

Rosa anakua chini ya baba mlevi na mkali, Zakaria, ambaye anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya kijana. Binti anajifunza kuwaogopa wanaume badala ya kujifunza kuwafahamu. Akiwa mbali na nyumbani, ile hofu inapoondoka, hakuna hekima iliyobaki mahali pake, naye anaanguka na kuendelea kuanguka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Walakini Kezilahabi hamwondolei Rosa lawama yote. Anatuonyesha binti mwenye akili anayechagua, na mara nyingi anachagua vibaya. Inafika siku Rosa anapotaka kuyaacha ya zamani na kuanza upya. Mchumba wake anapotambua kwamba si bikira, anamwacha. Rosa anajiua. Baada ya hapo mwandishi anatupeleka mbele ya kiti cha hukumu cha Mungu, na huko makosa ya mzazi nayo yanaletwa mezani.

Wasomaji wengi wamesema kwamba riwaya hii haina ukombozi. Sisi tunadhani kwamba ukombozi umo, ila umekatwa njiani, na mwandishi anataka tuone ni nani aliyeukata. Rosa aligeuka, toba kwa maana ya kurejea aliifanya. Alipofika mlangoni hakukuwa na wa kumpokea. Ya kwamba kesi yake inaamuliwa mbinguni ni shtaka kubwa juu ya walioko duniani, maana jambo lililopaswa kuzungumzwa nyumbani, na baba, na mchumba, na kijiji, limeachwa mpaka pasiwe na wa kulisikiliza ila Mungu.

Kwa nini basi tunaizungumzia Masasi katika habari za binti wa Ukerewe? Kwa sababu misheni ya Masasi ilianza kwa swali lile lile la kupokelewa. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mahali pake likaanza kujengwa kanisa kuu la Waanglikana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja, akapita Lindi na kuingia bara, akifuatana na watu waliookolewa utumwani. Nia ilikuwa kufika nchi ya Ziwa Nyasa, lakini walipoiona ardhi nzuri chini ya milima ya mawe ya Masasi, wakapiga kambi na kujenga kijiji. Watu hao hawakuwa wakosaji, walikosewa wao. Hata hivyo habari yao inatufundisha jambo moja kuhusu ukombozi. Mtu aliyefunguliwa minyororo hana ukoo, hana shamba, wala mtu wa kumzika. Asipopewa mahali pa kuwa mtu kati ya watu, amekombolewa nusu. Mahali palipopatikana, matunda yalionekana. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtoto aliyeokolewa utumwani, alipewa upadre mwaka 1890, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuupata, na akahudumu Chitangali katika nchi ya Wayao.

Jambo la pili la Masasi ni unyago. Vincent Lucas, askofu wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, anakumbukwa kwa uamuzi uliowashangaza wamisionari wengi wa zama zake. Badala ya kuwakataza Wakristo jando, alilikubali liingie chini ya uangalizi wa kanisa, likiwa na sala zake na mafundisho yake. Jitihada ya namna hiyo ilifanywa pia kwa mafunzo ya wasichana, ingawa huko kazi ilikuwa ngumu zaidi. Hatutaki kuyapamba mambo hayo. Yamo katika mila ya unyago mafundisho ambayo wazazi wa leo hawayataki kwa watoto wadogo, nao wana haki. Lakini tuangalie umbo lake. Mwali anatengwa, anafundishwa na kungwi, kisha anatolewa hadharani kwa ngoma na vigelegele, amevikwa nguo mpya. Kwa wengi hupewa na jina jipya, na kumwita mtu huyo kwa jina la utoto ni kumtukana. Kubadilika kwake, basi, ni wajibu wa wawili: yeye hana budi kuishi kama mtu mpya, na kijiji hakina budi kumwita kama mtu mpya.

Hapo ndipo tunapoona kiini cha hoja yetu. Mkosaji anayetubu hufanya nusu ya kwanza ya ukombozi wake. Nusu ya pili iko katika vinywa vya majirani, yaani katika jina watakalomwita. Rosa alijitahidi kuivua nguo ya zamani, lakini hakupata wa kumvika mpya.

Tunajua kwamba mwalimu au mzazi anaweza kutujibu: Mkiwapokea wote, nani ataiogopa aibu? Sheria isiyouma itamlinda nani? Hoja hii ni nzito, wala haijibiwi kwa maneno matamu. Jamii isiyotofautisha wema na ubaya haina msamaha pia, maana haina cha kusamehe. Ila tuseme mambo mawili. Kwanza, kumpokea mtu si kulipokea kosa lake. Baba wa mfano wa mwana mpotevu katika Injili ya Luka hakusema kwamba mali iliyotapanywa haikutapanywa. Alimkimbilia mwanawe akamvika joho. Pili, aibu humzuia aliyesimama, lakini haimwinui aliyeanguka. Aliyekwisha kuaibika hana la kuogopa tena, na asiye na la kuogopa wala la kutumaini ndiye mwepesi wa kupotea kabisa. Zakaria aliitegemea fimbo, na tumeona mwisho wake.

Jambo hili si la vitabuni tu. Kwa miaka mingi msichana wa Tanzania aliyepata mimba akiwa shuleni aliondolewa, na kwa wengi masomo yalikomea hapo. Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu hiyo wataruhusiwa kurejea katika shule za serikali. Mlango wa sheria ulifunguliwa. Lakini waraka hauwezi kuamuru wenzake wasimcheke mstarini, wala hauwezi kumzuia mwalimu kumtolea mfano mbele ya darasa. Mwalimu wa Makote au wa Lulindi, anapomwona msichana huyo akiingia na madaftari yake mapya, ana uwezo wa kumwita kwa jina lake au kwa kosa lake. Na tusisahau kuuliza, kama Tolstoy alivyouliza, yuko wapi yule mwanamume, na kwa nini yeye hakuhitaji ruhusa ya kurejea popote.

Wazee wa nyanda hizi, Wamakonde, Wayao na Wamakua, waliuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto wa binti alikuwa na ukoo tangu siku aliyozaliwa, na mjomba alikuwa na sauti juu ya mambo yake. Hawakuwa malaika, lakini walijua kwamba kiganja ni cha nyumba nzima. Methali zetu mbili, kwa hiyo, hazigombani. Maji yaliyomwagika hayazoleki: aliyefanya kosa hawezi kulifanya lisiwepo, wala asidanganywe kwamba anaweza. Lakini binti si maji. Ana miguu ya kurudia, nasi tuna mikono ya kumpokea. Wanafunzi watakapoisoma Rosa Mistika, tunawaomba wasiishie kuuliza Rosa alikosa nini. Waulize pia ni wangapi waliokuwa mlangoni siku alipogeuka, na kama wao wenyewe wangekuwapo, wangemwitaje.