Aibu ya ndugu yako ni amana, si habari

Nianze na langu kabla ya kufika kwa mwenzangu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2003, nikiwa mwanafunzi katika mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, niliingia disko. Usiku wenyewe ulikuwa wa kuamkia Ijumaa. Sikuburutwa, wala sikwenda kufanya da'wa, kama wanavyodai baadhi yetu wakikutwa wasipotakiwa kuwepo. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikalipa kiingilio kwa fedha yangu, nikagongwa muhuri wa wino juu ya mkono, nikashuka ngazi.

Udhuru nilikuwa nao, na nautaja ili msomaji aupime mwenyewe. Nilikuwa nikiishi Hyde Park, mtaa wa wanafunzi, katika nyumba moja na vijana wanne wa Kiingereza. Nilipofika tu nchini kwao mafua makali yaliniangusha kitandani, na mmoja wao, ambaye hakunijua hata kwa wiki moja, alinihudumia kwa supu na vidonge mpaka nikapona. Usiku ule ulikuwa wa siku yake ya kuzaliwa. Aliniomba niwe nao japo nusu saa. Nikajiambia kuwa kukataa ni utovu wa shukrani. Lakini kama nitasema kweli yote, udadisi nao ulikuwepo. Nilitaka kuona. Na sikukaa nusu saa. Nilikaa mpaka saa nane za usiku walipofunga.

Ndugu msomaji, ukisikia disko la Ulaya usifikirie marumaru na taa za dhahabu. Lile lilikuwa shimo chini ya maduka. Dari ilikuwa fupi, mtu mrefu aliigusa kwa kiganja. Sakafu ilinata kwa bia iliyomwagika miaka na miaka, kila ukinyanyua mguu kiatu kinalia. Kuta zilitoka jasho. Moshi wa sigara ulikuwa umetanda kama wa jikoni kwenye kuni mbichi, kwani ilikuwa bado kabla ya Julai 2007, Uingereza ilipopiga marufuku uvutaji ndani ya sehemu kama hizo. Chooni maji yalikuwa yamefurika hadi mlangoni. Kinywaji kilikuwa rahisi kuliko chakula.

Na walikipenda kile kichaka! Walikizungumzia kama sisi tunavyomzungumzia bibi mzaa mama. Wengine walijisifu kuwa kaka zao walicheza humo kabla yao. Baadaye nikajua kuwa mapenzi ya aina hiyo ni mila yao. Katika mji wa Durham kulikuwa na klabu ikiitwa Klute, ambayo wanafunzi walijivunia kwamba jarida moja mwaka 1996 liliitaja kuwa ya pili kwa ubaya katika Ulaya nzima. Na kule Manchester, klabu ya Haçienda iliyofunguliwa mwaka 1982 ilifungwa mwaka 1997, na baadaye vitu vyake vilipigwa mnada na watu wakanunua ili wabaki na kumbukumbu.

Nilimuuliza mwenzangu wa nyumbani: mnapenda nini humu? Ilibidi apige kelele sikioni mwangu nimsikie. Akasema: "Humu hakuna anayekuangalia."

Nililidharau jibu lile. Baadaye nikaona jambo. Kwenye ngazi alikaa binti analia, amelewa, nguo yake imechanika ubavuni. Mabinti wawili ambao, kwa nilivyoona, hawakumjua, walikaa naye huku na huku. Mmoja akavua koti lake akamfunika, wakamtafutia teksi. Waliopita ngazini waligeuza nyuso. Kesho yake wenzangu mezani walichekana wao kwa wao, nani alianguka na nani alipoteza funguo. La yule binti hakuna aliyelitaja.

Sisemi haya kulisifia disko. Pombe ni haramu, na mchanganyiko ule ni haramu, na laiti yule binti asingenyweshwa asingehitaji koti la mtu. Anayetaka kunitumia kuwa hoja ya kwenda huko amekosea mlango. Ninayasema kwa sababu ya lililofuata, ambalo halikutokea disko. Lilitokea kwenye chumba chetu cha swala.

Karibu na spika, kwenye kundi la wanaocheza, nilimuona ndugu mmoja. Alikuwa kijana wa Mombasa, na ndiye muadhini wetu pale chuoni. Sauti yake ilikuwa ikitukumbusha nyumbani hata wale tuliojifanya wagumu tulifuta macho. Mkononi alikuwa na glasi, na kilichokuwemo hakikuwa soda. Nilisogea nyuma ya nguzo. Nikaamini kuwa hakuniona.

Asubuhi nilisugua mkono kwa sabuni na dodoki mara tatu. Wino ulififia lakini haukutoka. Nikavaa sweta la mikono mirefu, nikaenda Ijumaa. Muda ulipofika, yule ndugu akasimama kuadhini kama kawaida. Aliponyanyua mikono kuielekeza masikioni niliuona muhuri. Ulikuwa uleule wangu, rangi ileile. Nikaivuta mikono ya sweta hadi kwenye vidole, na moyo wangu ukajaa hasira. Anathubutuje?

Baada ya swala nilimvuta pembeni rafiki yangu mmoja nikamweleza. Nilisema ninasema kwa nia njema, ili tumsaidie ndugu yetu. Alipouliza nimejuaje, nikamjibu kuwa nina habari za uhakika. Tazama hapo, msomaji. La mwenzangu nililifunua, na langu nililifunika kwa sweta.

Ndani ya siku tatu hakuna ambaye hakujua. Rafiki yangu naye alimwambia mmoja tu, kwa nia njema. Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwishoni mwa mwezi huohuo, na kabla haijaingia viongozi wetu walimwambia muadhini apumzike kidogo. Hakuna aliyemtukana. Lakini akiketi watu walisogea, na akisalimia alijibiwa nusu. Hatukumuona kwenye futari, hatukumuona kwenye tarawehe. Chumba kile hakukanyaga tena mpaka nilipomaliza masomo.

Sasa tujiulize: nilikosa nini? Sikuzua. Nilichosema nilikiona kwa macho yangu. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, kwa kudhani kuwa ukweli ni kibali cha kusema. Masahaba walimuuliza Bwana Mtume (saw) swali hilihili, itakuwaje ikiwa ninalolisema la ndugu yangu lipo kweli? Akawafahamisha kuwa likiwepo ndipo umemsengenya, na lisipokuwepo umemzulia. Yaani usengenyaji unaanzia palepale kwenye kweli. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah (sw) amekataza dhana mbaya, upelelezi na kusengenyana kwa pamoja, na akamfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Maiti hawezi kujitetea. Na yule ndugu hakuwepo nilipokuwa namla.

Kisa cha Maiz kinajulikana, aliyekuja mwenyewe kwa Mtume (saw) kukiri zinaa, na Mtume akawa anamgeuzia uso mara kwa mara ili aondoke atubie. Kisichotajwa sana ni kuwa alikuwepo mtu aitwaye Hazzal aliyemshauri Maiz aende. Mtume (saw) alimwambia Hazzal kuwa lau angemsitiri kwa nguo yake ingekuwa bora kwake. Dhambi yenyewe ilikuwa ya kweli, na mwenyewe amekiri kwa ulimi wake. Pamoja na hayo, aliyeambiwa kuwa amekosa lililo bora ni yule ambaye hakumsitiri.

Na imesimuliwa, naye Imam Ghazali amekitaja kisa hiki katika Ihyaa, kwamba Sayyidna Umar (ra) akizunguka usiku alisikia sauti nyumbani kwa mtu, akaparamia ukuta, akamkuta katika maasi. Yule mtu akamwambia kuwa yeye amekosa moja, na Amirul Muuminina amekosa matatu: amepeleleza, ameingia kwa kupitia ukutani badala ya mlangoni, na ameingia bila idhini wala salamu. Umar, pamoja na ukali wake, alimwacha. Alikubali kuwa njia uliyoipitia kuijua aibu ya mtu nayo inahojiwa. Mimi njia yangu ilikuwa ngazi za disko.

Najua hoja itakayoletwa. Je, kuamrisha mema na kukataza maovu kuko wapi? Je, muadhini hatakiwi kuwa mwadilifu? Ni hoja nzito, na siipuuzi. Wapo ambao aibu zao hazifunikwi. Imam Nawawi ameorodhesha katika Riyadhus Salihin hali sita ambazo kumtaja mtu kwa baya kunaruhusiwa, ikiwemo kudai haki kwa uliyedhulumiwa na kuwatahadharisha watu na shari. Mweka hazina anayekula fedha za msikiti hasitiriwi, kwa sababu kumsitiri yeye ni kuwaibia mayatima. Mwalimu anayewadhuru watoto hasitiriwi hata siku moja, na anayemfunika anashirikiana naye. Mizani ni hii: je, kuna mtu atakayedhurika ukinyamaza? Kama yupo, nenda kwa mwenye mamlaka ya kumzuia mwovu, useme. Kama mwenye kudhurika ni yeye mwenyewe na nafsi yake, basi unayo kazi moja, nayo ni kumwendea yeye. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kusema pembeni, kwa kuwa ili kumwendea ningelazimika kumwonyesha mkono wangu. Kama ni suala la kuadhini, nani alikuwa na nafasi kuliko mimi ya kumwambia, ndugu yangu, sote wawili tuna muhuri huu, tukautubie?

Miaka ikapita. Mwaka 2012 nilialikwa harusi Mombasa, na kwenye mkeka wa pilau nikajikuta nimeketi mbele yake. Ana ndevu zenye mvi kidogo, ana watoto watatu, na msikitini kwao anaadhini. Nilishindwa kula. Baada ya watu kutawanyika nilimwambia yote, kwamba maneno yale yalianzia kwangu. Msomaji labda anatarajia niandike kuwa kumbe siku ile alikwenda kumtoa rafiki yake, na kwenye glasi ilikuwa maji. Hapana. Alisema, "Nilikunywa, ndugu yangu. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa mjinga. Asubuhi nilitubia, ndiyo maana nikaja kuadhini."

Kisha akaongeza kwa sauti ya kawaida tu, "Nami nilikuona. Ulikuwa nyuma ya nguzo."

Nikamuuliza mbona hakumwambia mtu, hata pale watu walipomtenga, wakati neno moja lake lingenivua nguo mbele ya wote. Akaniangalia kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Ningewaambia ili iweje, bwana?"

Aliyelewa alinisitiri, na asiyelewa alimfedhehesha aliyelewa. Nimeibeba hesabu hiyo mpaka leo. Alinisamehe, Allah amlipe. Lakini aliniambia pia kuwa miaka minne baada ya hapo hakuingia msikiti wowote isipokuwa kwa Idi, na hata Idi alikaa safu ya nyuma karibu na viatu. Miaka minne! Toba aliyokuja nayo asubuhi ya Ijumaa ile niliikanyaga mlangoni. Kama angefia ndani ya miaka hiyo, ningejibu nini?

Sasa tazama tulipofika. Mwaka 2003 nilihitaji ulimi, na ulimi ulihitaji siku tatu. Leo kila kijana ana kamera mfukoni. Binti wa Kiislamu akionekana kwenye klabu ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, picha yake inamfikia mama yake kabla yeye hajafika nyumbani, na chini yake maneno: "Tuwaombee dada zetu." Tumempiga picha, tumeisambaza, kisha tunamuombea! Suratun Nur, aya ya 19, imewaonya kwa adhabu iumizayo wanaopenda machafu yaenee kwa walioamini. Kila anayeituma picha ile mbele anasema anasikitika. Anayesikitika kweli humtafuta mwenyewe. Na hebu tuulize pia, aliyepiga picha alikuwa amesimama wapi?

Mtume (saw) ametupa bishara kuwa anayemsitiri Mwislamu, Allah atamsitiri duniani na akhera. Ni nani katika sisi asiyeihitaji sitara hiyo? Kuna mambo yetu ambayo Mola ameyafunika miaka, na lau yangenuka hakuna mtu angekaa karibu nasi kwenye safu.

Kabla ya kuandika makala haya nilimpigia simu yule ndugu kuomba ruhusa, maana nisingeifunua aibu yake mara ya pili kwa kisingizio cha kutoa mafunzo. Alicheka. Akasema, "Andika, lakini jina langu liache. Na uanze na lako."

Nimeanza na langu. Ewe Mola, tusitiri aibu zetu, na utujaalie tuwe sitara kwa wenzetu. Amin.