Mtaa Ukichangamka, Nani Anabaki?

Kiswahili chetu hakina shida ya kutaja mitaa kwa hadhi yake. Kuna uzunguni, kuna uswahilini, kuna ushuani. Ni maneno ya mahali: yanakuambia mtu anakaa wapi na, ukiyasikiliza vizuri, yanakuambia jamii inadhani anastahili nini. Tunachokosa ni neno la safari, la ule mwendo wa mtaa kutoka uswahilini kwenda ushuani huku baadhi ya watu wake wakiachwa njiani. Waingereza wanalo tangu 1964, pale mwanasosholojia Ruth Glass alipolibuni akitazama jinsi watu wa kipato cha kati walivyokuwa wakichukua mitaa ya wafanyakazi jijini London. Sisi tunasema tu "mtaa umechangamka". Madalali wanalipenda sana neno hilo. Ni neno tamu, ila linakwepa swali: umechangamka kwa nani?

Kwetu Kolo, kama kilomita 180 kaskazini mwa Dodoma, swali hili limetukuta kwa njia ya barabara. Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati ilizinduliwa 2018, mwaka uleule Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwa wa 1973, na mamlaka ya ustawishaji, CDA, iliundwa mwaka huohuo. Lakini kwa miaka zaidi ya 40 safari ilikuwa ya kusuasua. Wakubwa walikuja wakati wa Bunge, wakarudi zao Dar. Ni mwaka 2016, Rais Magufuli aliposema sasa tunahama kweli, ndipo mambo yakaanza kwenda mbio. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Karibu mara mbili ndani ya miaka 10.

Sasa, watu hao hawakumwagika mjini kama mvua inayonyesha kila mahali. Mji wa Serikali ulijengwa Mtumba, upande wa mashariki, kwenye barabara ya kwenda Dar es Salaam, na macho yote yakageukia huko: Kisasa, Njedengwa, Nzuguni, Iyumbu. Maeneo ambayo juzi tu yalikuwa mashamba ya mtama na uwele ya Wagogo leo yana geti, kamera na maua ya kumwagiliwa. Lakini nenda Chang'ombe ya Dodoma. Iko karibu na katikati ya mji kuliko Mtumba, ina watu wengi na wachapakazi, na ipo miaka mingi. Mbona yenyewe haikuchangamka?

Jibu haliko kwenye umbali. Liko kwenye karatasi. Ramani kuu ya 1976 ilichora mji mpya, na ndani ya mchoro ule kukawa na viwanja vilivyopimwa na mitaa ambayo, machoni pa CDA, haikupaswa kuwepo. Chang'ombe ikaangukia kundi la pili. CDA ilivunjwa 2017, ila mstari uliochorwa na kalamu haufutiki kwa tangazo. Mwenye kiwanja kilichopimwa ana hati, hati inamfungulia benki, benki inamjengea nyumba ya kupangisha. Asiye na hati ana nyumba tu.

Hapa mtu makini ataniuliza: kwani wewe unataka nini, watu wabaki kwenye vumbi? Ni hoja nzito, na wanaoandika kuhusu mambo haya wakiwa wamekaa kwenye mitaa yenye maji ya bomba wana tabia ya kuirukia. Hakuna anayelilia kibatari. Mzee aliyeuza robo eka Nzuguni akasomesha watoto hakudhulumiwa na lami, lami ilimwinua. Mabadiliko yenyewe si dhambi.

Ila tuulize thamani ile imetoka wapi. Ardhi ya Nzuguni haikuongezeka rutuba. Kilichoongezeka ni wizara, barabara, umeme, na tangu 2024 treni ya mwendokasi kutoka Dar. Vyote hivyo vimelipiwa na wote, pamoja na mkulima wa Kolo anayekatwa kodi kwenye kila lita ya mafuta ya taa. Nyerere aliliona jambo hili mapema. Katika kijitabu chake *Mali ya Taifa* cha 1958 alieleza kuwa binadamu hakuiumba ardhi. Anachoweza kudai kuwa chake ni jasho aliloliweka juu yake. Ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, ongezeko la bei linaloletwa na uamuzi wa umma ni la umma. Sisi tumekubali kimyakimya kwamba ni la yeyote aliyeshika hati siku uamuzi ulipotangazwa.

Na kuna aliyejua kabla ya siku hiyo. Hili ndilo linalonisumbua zaidi kuliko ghorofa zote. Wawili wanakubaliana bei ya shamba, wanashikana mikono mbele ya mwenyekiti wa mtaa, hakuna aliyelazimishwa. Lakini mmoja ameiona ramani ya barabara na mwenzake hajaiona. Sheria inasema hiyo ni biashara halali. Mimi naona ridhaa ya mtu aliyefichwa ramani ni nusu ridhaa. Na leo uwanja wa ndege wa Msalato unajengwa upande wetu, barabara ya Kondoa. Anayeuza kipande cha kando ya lami anapaswa ajiulize mnunuzi wake anajua nini.

Kisha kuna mpangaji, ambaye hana hata cha kuuza. Mlinzi, mama lishe, mwalimu wa shule binafsi. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na akaipandisha, hakuna pa kukimbilia: sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Mpangaji huyo akishindwa Kisasa haondoki Dodoma, maana kibarua chake kiko hapo. Anashuka Chang'ombe au Chamwino kutafuta chumba. Wakishuka wengi, vyumba vinakuwa adimu, na kodi ya huko nayo inapanda. Mtaa unapandishiwa kodi bila kupandishwa hadhi: mitaro ileile, vumbi lilelile, bei mpya.

Ndiyo maana siamini tunapoambiwa kwamba maendeleo hayajafika tu kwenye mitaa hiyo, wavumilie, zamu yao inakuja. Maendeleo yamefika. Yamefika kwa upande wa gharama. Kisasa na Chang'ombe hazipo kwenye foleni moja, moja mbele na nyingine nyuma. Zimo kwenye mzani mmoja, na kupanda kwa moja ni sehemu ya kushuka kwa nyingine.

Je, inawezekana vingine? Magomeni Kota jijini Dar es Salaam ni mfano wa kufikirisha. Nyumba za zamani zilibomolewa, kaya 644 zikatawanyika, na watu wakasubiri miaka. Wengi tulidhani hadithi imeishia hapo. Lakini serikali iliahidi, na maghorofa yalipozinduliwa 2022 kaya zile ndizo zilizopewa nafasi ya kwanza. Mateso ya kusubiri yalikuwa makubwa, sipaki rangi. Ila jambo moja lilithibitika: mtaa unaweza kubadilika na watu wake wakahesabiwa kwa idadi yao, kaya kwa kaya, kama wenye deni la kulipwa.

Kipimo hicho ndicho ningependa tukibebe Dodoma. Kila mtaa unaposifiwa kuwa umechangamka, tusihesabu maghorofa kwanza. Tuhesabu waliokuwepo wakati wa vumbi, kisha tuulize ni wangapi wapo wakati wa lami.

Kwenye miamba ya Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, michoro myeupe ya wakulima imekaa juu ya michoro myekundu ya wawindaji waliotangulia. Ile ya chini bado inaonekana. Na Warangi bado wanakwenda palepale kutambika na kuomba mvua, hata baada ya watalii kuja. Mahali pamepata wageni na jina kubwa, na wenyeji hawajafukuzwa. Kumbe inawezekana.