Mbio za Kwenda Nyanza

Anayesubiri kivuko asubuhi hii Magogoni, Dar es Salaam, anatazama bahari iliyowaleta mahasimu wawili. Juni 1857, wapelelezi Richard Burton na John Speke walivuka kutoka Unguja hadi Kaole kusaka chanzo cha Mto Nile. Burton alipobaki Tabora akiugua, Speke alielekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaiona Nyanza, ziwa ambamo Wasukuma walivua samaki vizazi na vizazi. Mwaka uliofuata akamtangulia mwenzake London, akatangaza kwamba ndiye aliyekipata chanzo hicho.

Urafiki wao ukafa.

Hata hivyo, wa kutajwa kwanza ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India, mkalimani wa safari hiyo. Baadaye alifuatana na mpelelezi Stanley, kisha akavuka bara zima la Afrika na mpelelezi Cameron, akafika Atlantiki mwaka 1875.